Nusu ekari ya nyanya, maadui watatu na bomba moja: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kilitokea kwenye bonde moja la vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, mkoani Iringa. Majina ya watu, kijiji, maduka na majina ya biashara ya dawa yameondolewa. Viambata vya dawa nimevitaja kwa sababu bila hivyo kisa hakifundishi kitu. Nakiandika nikiwa ofisa ugani, kwa wakulima wa mboga na kwa wenzangu wanaoitwa shambani mambo yakiwa yameshaharibika. Shamba lilikuwa dogo, lakini katika msimu mmoja lilipata kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hula majani na matunda ya nyanya kwa ndani), utitiri mwekundu (vijidudu vidogo mno vya kwenye majani) na bakajani chelewa (ugonjwa wa ukungu unaounguza majani). Kila mmoja alipofika, shamba lilikuwa bado linapigana na aliyemtangulia.

Shamba na mwenye shamba

Mwenye shamba ni mama wa makamo, mzoefu wa mahindi na maharage. Nyanya alikuwa ameshalima misimu miwili, yote ya mvua. Safari hii alitaka kuvuna Desemba. Hesabu yake ilikuwa nzuri tu: mvua zikianza, nyanya nyingi za mashamba ya wazi huoza, sokoni zinaadimika, na sikukuu nazo zinakaribia. Mwenye nyanya safi wiki hizo hapangiwi bei na dalali.

Alisia mbegu chotara kitaluni mwezi Agosti na kuhamisha miche katikati ya Septemba, kama miche 5,000 kwenye nusu ekari, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50. Maji yalitoka kijitoni kwa pampu ndogo, na kijana wa kazi alimwagilia kwa mpira akinyeshea juu ya majani, mara nyingi jioni akishamaliza kazi nyingine. Mimea alisimikia miti. Mbolea alitia kwa wakati. Kwa macho ya mpita njia, hadi mwanzoni mwa Oktoba lilikuwa shamba la kupigia picha.

Mambo matatu ya jirani na shamba hilo yanahitaji kutajwa mapema. Upande wa juu kulikuwa na shamba la nyanya la mtu mwingine lililokwisha kuvunwa Agosti, mashina yakaachwa yamesimama na nyanya mbovu chini. Upande wa chini, ng'ambo ya mfereji, kulikuwa na kipande cha viazi mviringo kilichopandwa Oktoba. Na kwenye kingo za shamba lenyewe mama alikuwa ameachia mnafu uote kwa ajili ya mboga ya nyumbani. Nyanya, viazi na mnafu ni jamii moja, na wageni wao ni walewale.

Oktoba: mabaka ya kahawia

Wiki ya nne baada ya kuhamisha miche, majani yalianza kutoka mabaka ya kahawia. Mama alipiga picha kwa simu akamtumia muuza duka la pembejeo. Jibu lilikuja haraka: ukungu. Akauziwa dawa yenye mankozebu na metalaksili, akapiga kila wiki kwa wiki tatu.

Mtu asimcheke. Misimu yake miwili ilikuwa ya mvua, na katika mvua baka la kahawia kwenye jani la nyanya mara nyingi ni ukungu kweli. Picha nayo ilipigwa kwa juu, jani likiwa bado kwenye mmea. Ukitazama picha ya namna hiyo, kazi ya kiwavi na kazi ya ukungu zinafanana mno.

Ila ilikuwa Oktoba. Iringa mwezi huo ni jua kali, upepo mkavu na vumbi. Bakajani chelewa linahitaji ubaridi na majani yaliyolowa kwa saa nyingi. Bakajani tangulia, ugonjwa mwingine wa ukungu, linavumilia joto zaidi, lakini lenyewe huanza na majani ya chini yaliyozeeka na huacha mabaka yenye miviringo, mmoja ndani ya mwingine. Mabaka ya shamba hili yalikuwa hata kwenye majani machanga ya juu, hayakuwa na miviringo, na yalikuwa membamba kama karatasi ya kufungia vitu.

Novemba: dawa nyingi kwa mkupuo

Mwanzoni mwa Novemba mama aliona matundu kwenye nyanya mbichi, karibu na kikonyo. Hapo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kantangaze, ambaye kitaalamu ni Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akasambaa Afrika Kaskazini, na Tanzania aliripotiwa mwaka 2014. Katika maeneo ya nyanya kama Iringa hakuna asiyemjua leo.

Kilichofuata ndicho kilichogharimu shamba kuliko wadudu wenyewe. Mama alinunua dawa tatu za wadudu kutoka maduka mawili tofauti, kila moja ikiwa na jina lake na rangi yake ya chupa, akaamuru zichanganywe kwenye bomba moja la kupulizia. Kijana akaongeza mbolea ya majani na mabaki ya ile dawa ya ukungu, "zisikae bure". Walipiga kila baada ya siku nne au tano. Wiki ya pili kijana aliumwa kichwa na kutokwa jasho jingi baada ya kazi. Walidhani ni jua. Alikuwa amevaa fulana na kandambili, na mojawapo ya zile dawa ilikuwa na profenofosi, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na ya mtu vilevile.

Katikati ya mwezi majani yalibadilika tena. Yalipauka, yakawa na vidoti vidogo vya njano, na upande wa barabarani mimea kadhaa ilikuwa imefungwa na utando mwembamba kwenye ncha. Mama alifikiri sumu imeunguza majani. Hapo ndipo nilipoitwa.

"Bwana shamba," aliniambia tukiwa bado getini, "kilichopo dukani chote nimeshapiga. Labda kuna kipya?"

Siku ya ukaguzi

Hatukuanza na dawa. Tulitembea shamba zima kwa njia ya herufi W, tukisimama kwenye mimea kama hamsini, tukitazama jani la juu, la kati na la chini, pamoja na vichala vya kwanza.

Jani lenye baka tulilichuma na kuliinua kuelekea jua. Baka lilipitisha mwanga kama dirisha, na ndani yake kulionekana kiwavi mdogo wa kijani na vinyesi vyake vyeusi. Jaribio hili halina gharama, na linamaliza ubishi kuliko picha kumi za simu. Kiwavi wa kantangaze hukaa katikati ya ngozi mbili za jani, akila nyama yake na kuacha ngozi za juu na chini. Baka la ukungu halina chumba ndani, ni jani lenyewe lililokufa.

Jani lenye vidoti vya njano tulilikung'utia kwenye karatasi nyeupe. Vidoti vyekundu vilianza kutembea. Utitiri.

Katika kila mimea kumi, sita hivi ilikuwa na viwavi walio hai. Kwenye vichala vya chini, nyanya moja katika tano ilikuwa na tundu. Ukungu hatukuona hata dalili. Baada ya hapo tukakaa kivulini na chupa zote tupu zilizokuwa zimetunzwa kwenye kiroba, tukasoma maandishi madogo yaliyo chini ya majina makubwa. Chupa zote tatu zilikuwa na sumu za kundi moja, lile la pairethroidi: moja lambda-saihalothrini, nyingine profenofosi iliyochanganywa na saipamethrini. Ya tatu ilikuwa lambda-saihalothrini tena, ya kampuni nyingine. Mama alikuwa akiamini anabadilisha dawa.

Jambo la mwisho lilikuwa bomba. Ni la lita 16, lakini vipimo vya lebo vilikuwa vya lita 20, na kijana alikuwa anatia kipimo kizima cha lita 20. Maana yake kila dawa ilizidi kwa robo, na zilikuwa dawa tatu. Nozo, yaani ncha inayotoa dawa, ilikuwa ileile waliyotumia kupigia dawa ya magugu, ya kutoa maji bapa badala ya manyunyu ya duara. Nusu ekari nzima walikuwa wanaimaliza kwa mabomba matano. Tulilijaza maji matupu, tukabandika vipande vya karatasi kavu chini ya majani, kijana akapiga kama kawaida yake. Karatasi nyingi zilitoka kavu.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila mchanganyiko. Mama aliogopa: kupumzisha dawa huku viwavi wanaonekana ni sawa na kusalimu amri. Sababu niliyompa ni utitiri. Pairethroidi huua wadudu wanaokula utitiri na mayai ya kantangaze, na utitiri wenyewe hudhurika kidogo tu. Jua kali na vumbi la barabara vikaongezea. Kwa maneno mengine, utitiri ule haukuja kwa bahati mbaya, ulifunguliwa mlango. Kuendelea na mchanganyiko ule kungewapa nafasi zaidi.

Wa pili ulikuwa kazi ya mikono. Vibarua walikata majani ya chini yenye vyumba vya viwavi na kuchuma nyanya zote zilizotoboka, hata zile ambazo mama alitaka kuziacha kwa kuwa "upande mmoja ni mzima". Kila kitu kilitiwa kwenye mifuko, kikafungwa na kuachwa juani siku kadhaa, kisha kikafukiwa kwenye shimo refu. Kuvitupa kando ya shamba ni kuvipa viwavi nafasi ya kumaliza kukua na kurudi wakiwa nondo. Mnafu wa kingoni uling'olewa pia. Hili lilimuuma mama kuliko gharama ya vibarua, maana ndiyo ilikuwa mboga ya kila siku. Lakini majani yake yalikuwa na vyumba vilevile.

Kwa nini mikono kabla ya dawa? Kwa sababu kiwavi aliye ndani ya jani au ndani ya tunda hafikiwi na sumu ya kugusa, hata uimwage kiasi gani. Na jani la chini lililojaa vyumba halirudi kuwa zima. Linabaki kuwa kiota tu.

Uamuzi wa tatu ulihusu dawa ya kuanzia. Tulichagua abamektini, kwa sababu hupenya kutoka uso wa jani hadi ndani na hufanya kazi kwa utitiri na kwa viwavi wadogo wa kantangaze. Dawa moja, maadui wawili, bila kuchanganya. Ilipigwa mara mbili kwa nafasi inayoelekezwa na lebo. Baada yake tulihamia kundi jingine kabisa, klorantraniliproli. Muuza duka alipendekeza emamektini, akisema ni mpya na kali. Kali ni kweli, lakini ni ndugu wa abamektini, wanaua kwa njia ileile. Kuzipokezanisha hizo mbili ni kurudia kosa la pairethroidi kwa majina mengine. Kizazi kimoja cha kantangaze kwenye joto kama lile huchukua takriban mwezi, kwa hiyo tulipanga kundi moja lishughulikie kizazi kimoja, na kizazi kinachofuata kikutane na sumu ambayo wazazi wake hawakuionja.

Upigaji ulibadilika pia. Nozo mpya ya duara, kipimo cha lita 16, mabomba tisa badala ya matano, mpigaji akianzia chini ya mmea kwenda juu. Muda ukawa jioni, jua likipungua: nondo huruka wakati huo, nyuki wameshaondoka, na dawa haikauki kabla ya kupenya. Kijana alipewa koti la mikono mirefu, glavu, buti na barakoa. Kwa mashamba mengi mavazi hayo ni ya maonyesho ya wageni. Hapa kijana mwenyewe aliyadai, kwa sababu kichwa kile alikuwa bado anakikumbuka.

Mitego miwili yenye chambo cha harufu ya nondo jike iliwekwa juu ya beseni za maji yenye sabuni. Nilisema wazi kwamba kazi yake ni kuhesabu. Chambo huvuta madume peke yake, na kwa idadi ile, kwenye shamba lililo wazi, majike yatapata madume wa kutosha. Nondo wakipungua hesabu hadi hesabu tunajua tunaelekea wapi. Wakipanda ghafla tunajua kizazi kipya kimeruka na mayai yapo njiani.

Uamuzi wa mwisho wa siku ile haukupita. Nilishauri kwamba mawingu ya kwanza yakianza kutanda, wapige mankozebu peke yake, kabla ya ukungu kuonekana, na umwagiliaji uhame kutoka juu ya majani kwenda kwenye mifereji, asubuhi. Umwagiliaji mama alikubali. Kuhusu dawa alinijibu jibu ambalo sikuwa na namna nzuri ya kulipinga: "Nimepiga dawa ya ukungu mara tatu pasipo na ukungu. Leo unaniambia nipige tena kabla haujaja?"

Desemba: mvua

Mwanzoni mwa Desemba hali ilikuwa imetulia. Utitiri ulibaki kwenye mistari miwili ya barabarani. Majani mapya yalitoka safi. Nondo kwenye mitego walipungua, ingawa mtego wa upande wa juu, jirani na lile shamba la mashina makavu, ulishika wengi zaidi ya ule wa chini kila tulipohesabu. Uvunaji wa kwanza ulifanyika. Karibu nusu ya nyanya za vichala vya chini zilitupwa, lakini vichala vya juu vilikuwa vizima.

Dalali alifika siku chache baada ya dawa kupigwa. Lebo ilikuwa inataka siku zaidi. Mama alimwambia arudi, akapoteza mnunuzi yule na kumpata mwingine kwa bei pungufu kidogo. Nalitaja hili kwa sababu ndipo lebo nyingi huvunjwa: mtu anaisoma vizuri na kuielewa, lakini gari limeshasimama barabarani.

Mvua ikanyesha siku nne mfululizo, usiku baridi, asubuhi ukungu wa hewa umelala bondeni. Siku ya tano kijana aliona mabaka kwenye mistari ya chini, upande wa viazi. Makubwa, ya kijani kilichoiva kupita kiasi kama jani lililomwagiwa maji ya moto, yakigeuka kahawia. Mama, sasa akiwa amefundishwa na Novemba, alisema ni kantangaze amerudi. Akaitaka klorantraniliproli ipigwe jioni ileile.

Jani likainuliwa kwenye mwanga: hakuna chumba, hakuna kiwavi. Majani matatu yakatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha karatasi yenye unyevu, yakalala ndani ya nyumba. Asubuhi chini ya jani, pembezoni mwa baka, kulikuwa na utandu mweupe. Bakajani chelewa. Viazi vya ng'ambo ya mfereji vilikuwa tayari vimeungua.

Majirani walishauri salfa. Salfa inasaidia ubwiri unga (ukungu mweupe kama unga juu ya majani) na utitiri, na kwa bakajani chelewa haifanyi kitu, kwa sababu kimelea chake, Phytophthora infestans, si ukungu wa kweli kwa uainishaji wa kisayansi ingawa sote tunauita ukungu. Dawa ya metalaksili iliyobaki stoo nayo niliikwepa. Aina za kimelea hiki zinazostahimili metalaksili zimeenea sehemu nyingi duniani, na sikutaka kuweka matumaini yote kwenye dawa hiyo wakati mvua inaendelea. Tulichukua yenye saimoksanili pamoja na mankozebu: ya kwanza inazuia maambukizi machanga ndani ya jani, ya pili inakinga jani lisiloguswa.

Dawa peke yake isingetosha. Mistari minane ya chini ilihitaji kung'olewa siku hiyohiyo. Mama alikataa. Ilikuwa na nyanya zilizokomaa, siku chache zigeuke rangi, na baada ya hasara ya Novemba kila nyanya ilikuwa na jina la deni. Tulifikia kati: achume zote zilizokomaa kutoka mistari hiyo zikiwa kijani, kisha ang'oe. Alichuma, ila mimea aliing'oa siku tano baadaye. Kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umevuka hadi katikati ya shamba. Sehemu ya nyanya alizochuma kijani zilitoka mabaka magumu ya kahawia zikiwa kwenye matenga, na mnunuzi akarudisha tenga kadhaa.

Matokeo

Mama alikuwa anatarajia matenga mia. Alipata hamsini na kidogo, mengi yakitoka nusu ya juu ya shamba, ambayo ilivunwa hadi Januari. Bei ya Desemba ndiyo iliyomwokoa: aliurudisha mtaji na kubakiwa na kiasi cha kuandaa msimu mwingine, bila faida ya kujivunia. Tulipokaa na daftari lake, dawa zilizopigwa kabla ya ukaguzi, yaani zile za ukungu usiokuwepo na zile za mkupuo, zilikuwa zimekula fedha nyingi kuliko dawa zote zilizofuata, nozo na mavazi ya kinga vikiwemo.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kwa maoni yangu shamba lilipotea Oktoba, si Desemba. Wiki tatu za dawa isiyohusika zilimpa kantangaze karibu kizazi kizima akiwa ametulia ndani ya majani. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya mia mbili, kwa hiyo aliyeonekana Novemba kwenye matunda hakuwa yuleyule wa Oktoba, alikuwa ukoo wake. Jani moja kuinuliwa juani lingetosha kuepusha hayo. Nawalaumu wauza maduka kidogo kwa kutibu kwa picha, lakini mkulima anapotuma picha moja anataka jibu moja, na asiyelitoa anapoteza mteja. Wenzangu wanaopokea picha: ombeni jani likiwa limeinuliwa dhidi ya mwanga, na picha ya chini ya jani. Bila hizo mbili usijibu.

Kazi ya mikono ilifanya mengi kuliko inavyosifiwa. Najua ni kazi ya watu na muda, na kwenye ekari tatu nne inakuwa ngumu. Kwenye nusu ekari ilipunguza viwavi walio hai kabla hata abamektini haijafika.

Upigaji mzuri siwezi kuutenganisha na dawa nzuri, kwa sababu vilibadilishwa pamoja. Huenda hata dawa zile za mwanzo zingeua zaidi kama zingefika chini ya jani. Mtu akiniuliza abadilishe nini kwanza, nitamwambia nozo na idadi ya mabomba, ndipo dawa.

Mitego ilifanya kile ilichowekewa. Kuna wakulima wanaoinunua wakidhani itamaliza nondo, wanakata tamaa na kuitupa. Hapa faida yake kubwa ilikuwa ile tofauti ya juu na chini, iliyotuonyesha nondo wanatoka wapi.

Kinga ya bakajani ndiyo iliyoshindwa wazi. Ukungu wa namna hii hausubiri: hali ya hewa ikiupendelea, shamba lisilokingwa linaweza kuungua lote ndani ya siku saba hadi kumi. Dawa za kukinga hazina kazi kubwa kwenye jani lililokwisha kuambukizwa, kwa hiyo anayesubiri kuona baka amechelewa kwa siku kadhaa hata kama hajui. Lakini kukataa kwa mama hakukuwa ukaidi. Alishatozwa mara tatu kwa ugonjwa ambao haukuwepo, na mtu wa namna hiyo haaminishwi kwa maelezo. Tathmini mbovu ya Oktoba iliharibu pia uamuzi wa Desemba, na hilo halionekani kwenye gharama za daftari.

Mistari minane inabishaniwa. Mwenzangu mmoja anaona mama alikuwa sahihi, kwa kuwa mistari ile ilimpa matenga ambayo angeyapoteza. Mimi nahesabu tofauti: matenga yaliyorudishwa na mimea ya katikati iliyougua ni mengi kuliko aliyoyaokoa. Kama angechuma na kung'oa siku ileile, wote wawili tungekuwa tumepata tulichotaka.

Lililobaki

Msimu uliofuata mama hakurudisha nyanya kwenye kipande hicho. Alipanda maharage na kabichi, na nyanya akahamishia ng'ambo. Mnafu anaoutaka jikoni anaupanda karibu na nyumba, mbali na shamba. Kijana ameandika kwa kalamu ya rangi kwenye bomba: LITA 16.

Shamba la jirani la upande wa juu bado linavunwa na kuachwa na mashina yake. Mwenyewe anaishi mjini, analimisha kwa vibarua, na vibarua mkataba wao unaishia tenga la mwisho. Tumelipeleka suala hilo kwenye mkutano wa kijiji. Wapo wanaotaka kila mwenye nyanya ang'oe na kufukia mabaki ndani ya wiki mbili baada ya kuvuna, na wapo wanaouliza nani atamlipa kibarua wa kung'oa. Hadi naandika, swali la pili halijapata jibu.